Laini Isiyokatwa

Katika depo ya mzee Paluku, kule komini ya Kenya, mtaa mmoja wa mji wa Katanga na si ile nchi, kulikuwa na simu moja ambayo haikukatwa tangu asubuhi mpaka jioni. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, imefungwa mpira mgongoni ili betri isidondoke, na maskani yake yalikuwa juu ya gunia la maharagwe karibu na mlango. Upande wa pili wa laini, mbali huko Sakania mpakani, alikaa dada yake Paluku, shangazi wa watoto, tante Léa, naye ana simu yake sikioni, macho yake kwenye malori ya kaka yake yanayovuka kutoka Zambia na unga na samaki wakavu.

Sababu ya kutokata ilikuwa salamu. Paluku na dada yake ni watu wa Butembo, na kwao mtu haanzi maneno ya biashara kabla hajamsalimu mwenzake. Salamu za tante Léa hazikuwa za mchezo. Aliuliza umelalaje, mgongo unasemaje, watoto wameamka, mvua imenyesha, mchungaji amepona kikohozi, halafu akauliza tena umelalaje, endapo mara ya kwanza ulijibu kwa adabu tu. Ukimaliza kuitikia yote hayo, lori lenyewe limeshapita, na lile neno dogo ulilopigia simu limekuponyoka.

Basi Paluku akakata shauri. Asubuhi watasalimiana mara moja, kikamilifu, kama watu waliolelewa. Baada ya hapo laini itabaki wazi. Anayetaka kuuliza jambo ataokota simu, atauliza, atajibiwa, kisha atairudisha juu ya gunia bila kukata. Karani, dereva, mke, mtoto, wote simu ni hiyo moja. "Usikate!" ndilo neno lililosikika depo nzima kutwa, na majirani walitania kwamba Kavugho, binti wa kwanza wa nyumba hiyo, alilijua neno hilo kabla hajajua kusema "papa", yaani baba.

Kavugho alikua, akasoma mambo ya kompyuta, na sasa anaandika programu katika hospitali moja ya binafsi upande wa Karavia. Ni mwanamke mpole, mfupi, mwenye tabia ya kusimama mbele ya mashine zake kama mtu aliyeingia kanisani kwa kuchelewa. Wenzake humcheka kwa hilo. Yeye hajali. Tangu utoto hakuacha kushangaa kwamba neno lililosemwa juu ya gunia la maharagwe lilisikika Sakania, na mshangao huo hakuuacha mlangoni alipoajiriwa.

Hospitali hiyo ilikuwa na seva moja iliyotunza majina ya wafanyakazi wote: nani ni daktari, nani muuguzi, nani ana ruhusa ya kufungua kabati la dawa kali. Wenyewe huiita seva ya saraka. Kila mtu akitaka kufanya lolote kwenye kompyuta, programu ya Kavugho ilikwenda kwanza kwenye seva hiyo kuuliza. Na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kwa kila swali, hata liwe dogo namna gani, programu ilifungua laini mpya, ikabisha hodi, ikajitambulisha, ikapeana na seva siri za kufunika mazungumzo, ikauliza swali lake moja, ikajibiwa, ikakata. Swali la pili, ianze upya yote. Asubuhi, zamu zinapobadilishana na wauguzi wote wanaingia kwa pamoja, seva ilielemewa na hodi tupu. Wagonjwa waliugulia vitandani, wauguzi wakatazama alama ya kusubiri ikizunguka kwenye kioo cha kompyuta.

Aliyekuwa wa kwanza kumwita aje kuona kwa macho yake alikuwa Maman Albertine, mkunga wa siku nyingi, mwanamke mnene wa taratibu ambaye baba yake alitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli. Alimshika Kavugho mkono, akamkalisha kwenye kiti chake katika chumba cha wazazi.

"Kaa hapa, mwanangu. Angalia. Mama iko analia pale, miye niko nangojea mashini iniambie kama miye ni miye."

Kavugho aliangalia. Akaona hodi zinavyopigwa, salamu zinavyorudiwa, laini inavyokatwa na kufunguliwa na kukatwa. Hizi ni salamu za tante Léa! Akacheka peke yake, Maman Albertine akamtazama kwa wasiwasi.

Hakuhitaji hata kubuni. Katika maktaba ya programu aliyokuwa akiitumia, yaani ule mkusanyo wa kazi zilizokwisha kuandikwa na mafundi wengine ili usianze kila kitu mwenyewe, kulikuwa na sehemu iliyofanya hasa mambo ya depo ya baba yake. Inafungua laini chache tu, inasalimia mara moja, halafu inaziweka wazi kwenye akiba. Swali likija, linaazima laini iliyo huru, linauliza, linairudisha. Hakuna kukata. Kavugho aliusoma ukurasa ule wa maelezo kama barua ya ndugu. Watu asiowajua, wa nchi asizozijua, walikuwa wamekaa wakafikiri wakafikia mahali palepale alipofika mzee Paluku kwa hasira za malori.

Asubuhi alipoiwasha kazi yake, alikwenda kusimama kwenye korido ya wodi. Zamu zikabadilishana. Wauguzi wakaketi, wakaandika majina yao, na milango ikafunguka papo hapo, mmoja baada ya mwingine, bila alama kuzunguka. Mtu mmoja akasema "Eeh!" na mwingine akapiga makofi. Hospitali nzima ilikuwa inasema na seva kupitia laini chache zilizokaa kimya gizani zikingoja kuazimwa. Kavugho hakulia, ila kidogo tu.

Kazi ile aliikoleza mwenyewe kwa ujanja kidogo. Aliona kwamba laini ikirudi kwenye akiba, programu ilipoteza muda kujitambulisha tena, ilhali laini tayari inajulikana. Ya nini? Akalifuta hilo. Mambo yakawa mepesi zaidi, na yeye akajipongeza.

Kisha ukaja mkasa wa morfini.

Jumapili moja, wakati Maman Albertine yuko misani na wajukuu wake, baada ya kumaliza zamu yake alfajiri, chupa ya morfini ilitolewa kwenye kabati la dawa kali kwa jina lake. Dawa haikuibwa. Aliichukua muuguzi wa upasuaji aitwaye Merdi, akampa mgonjwa aliyestahili, kwa amri ya daktari. Lakini kioo kilisema ni Albertine aliyeiomba. Na Merdi, kwa bahati mbaya, alikuwa mtoto wake wa ubatizo. Daktari mkuu, Constantin, hakuhitaji kufikiri sana. Mama amempa kijana neno lake la siri. Katika hospitali ile, neno la siri la kabati lile halitolewi hata kwa mume, na anayelitoa anafukuzwa, sifa yake imekwenda, hakuna wodi nyingine mjini itakayompokea.

Waliitwa ofisini, na Kavugho akaitwa pia aje kueleza mashine.

"Docteur, niliandika jina yangu miye mwenyewe," alisema Merdi. "Na code yangu. Asubuhi nilishaingia, nikaendelea na kazi."

"Na miye sikupatia muntu code yangu," alisema Maman Albertine. "Hata Merdi. Hata Mungu mwenyewe... Mungu anisamehe. Sikumupatia."

Docteur Constantin hakuwa mtu mbaya. Alimgeukia Kavugho kwa upole. "Kavugho, sema weye. Mashini inaweza kubadirisha jina ya muntu?"

Kavugho alifikiri. Aliifikiria seva ile kubwa, isiyochoka, isiyosahau, ambayo yeye mwenyewe husimama mbele yake kwa heshima. Akajibu alichokiamini.

"Hapana, docteur. Seva haikosei jina. Inasema tu jina ya ule aliyejitambulisha."

Maman Albertine alimtazama tu, kama anavyomtazama mzazi aliyechelewa kuja hospitali, bila hasira, kwa huzuni ya mtu aliyeona mengi. Baraza likapangwa Ijumaa adhuhuri. Mpaka hapo, Mama akae nyumbani. Alivua koti lake jeupe palepale, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Kitendo hicho cha kulikunja ndicho kilichomkaa Kavugho rohoni. Mwongo, alifikiri, hakunji koti namna ile.

Lakini seva nayo haisemi uongo. Alizunguka na mambo hayo mawili kichwani wiki nzima, na hayakutaka kukaa pamoja.

Ijumaa asubuhi alipita depo kabla ya kazi, maana mama yake alikuwa amemwekea sambaza, wale samaki wadogo wakavu, za kupeleka nyumbani kwake. Depo ilikuwa katika joto lake la kila siku: makuli wanashusha magunia, karani anabishana na mteja, mzee Paluku ana simu sikioni na kalamu mdomoni. Salamu za asubuhi zilikuwa zimekwisha, mambo ya lori yameanza. Mara dereva akapiga kelele nje, gunia limepasuka. Paluku akageuka, akamwona binti yake, akamtia simu mkononi.

"Shika. Usikate!" Akatoka mbio.

Kavugho alishika. Siku nyingine yoyote angesema neno, lakini mawazo yake yalikuwa kwenye koti jeupe lililokunjwa. Aliiweka simu sikioni, akanyamaza. Sauti ya tante Léa ikaendelea kutoka Sakania bila kituo.

"...na juu ya ule binti yako, Paluku, sikia. Nilivuka ngambo, nikamupatia kitenge moja muzuri sana, ya rangi ya bulu na ndege ndege. Ile atavala ku sikukuu yake. Usimwambie, ukimwambia nitakasirika na weye mpaka Krismasi. Miye nitakuya nayo mu train. Mutoto anakonda na ile kazi ya mashini, hata bwana hatafuti, lakini tutafanya je, ni mutoto yetu. Paluku? Uko unasikia?"

"Tante, ni miye. Ni Kavugho."

Sakania nzima ikalipuka.

"Kavugho! Juu ya nini haukusema? Unaingia mu simu kama mwizi! Miye nitajua namna gani kama papa yako ametoka? Laini ni ileile! Haukusema jina, basi kwangu weye ni Paluku! Sasa kitenge yangu imeharibika!"

"Tante..."

"Ile kintu tulikufundisha wapi? Ukiokota simu, unasema 'ni miye fulani'. Kwanza! Mbele ya yote! Hata dereba anajua!"

Ni kweli, hata dereva alijua. Wote depo nzima walifanya hivyo tangu zamani. Kila mkono ulioiokota simu ile ulianza na jina: ni miye karani, ni miye mama Kavugho, ni miye. Wameyasema mpaka hakuna tena anayeyasikia, kama mtu asivyosikia saa ya ukutani kwake. Kavugho alikuwa amechukua mambo ya depo, akayapeleka hospitali, akabeba nusu. Alibeba kutokata. Jina aliliacha juu ya gunia.

Aliyaona yote kwa pamoja, wazi kabisa, na uwazi huo ulimtisha. Albertine anajitambulisha alfajiri kwenye laini moja, anamaliza, anakwenda zake misani. Laini inarudi kwenye akiba, haijakatwa, jina lake bado liko juu yake. Saa zinapita, Jumapili imetulia, hakuna anayeigusa. Kisha Merdi, aliyekwisha kuingia zamani, anaomba morfini, na programu inamwazimia laini ileile. Haisemi "sasa ni Merdi". Haisemi, kwa sababu fundi mwenye ujanja amelifuta neno hilo. Na seva, kwa uaminifu wake wote, inamjibu Albertine.

"Kavugho? Uko unalia? Ni kitenge tu, mama."

"Tante, Mungu akubariki," alisema Kavugho. "Akubariki weye na Sakania yote."

Akaiweka simu juu ya gunia. Hakukata.

Pikipiki ilimfikisha hospitali akiwa amesahau sambaza na mkoba. Alifungua mashine yake, akajitambulisha kwa jina lake, akaacha laini irudi kwenye akiba, kisha kwa dirisha jingine lililokuwa limefunguliwa kwa jina la majaribio, akauliza seva: kwenye laini hii, mimi ni nani? Seva ikajibu papo hapo, bila kusita: Kavugho. Akarudia. Kavugho. Dirisha halikuwa la Kavugho. Alikaa akilitazama jina lake mwenyewe likitamkwa kwa uhakika mkubwa namna ile mahali asipokuwepo. Kitu kilichoweza kubeba hospitali nzima juu ya laini chache kingeweza pia, kwa neno moja lililopungua, kumchukua mtu na kumweka mahali pa mwingine, na mbingu zisishtuke.

Baraza lilikuwa limekwisha kukaa alipoingia. Maman Albertine alikuwa amevaa nguo yake ya misa, rozari imezungushwa kwenye vidole. Merdi alikuwa ameinama. Docteur Constantin alikuwa anasoma kwa sauti.

"Docteur, samahani, simama kidogo," alisema Kavugho. Pumzi zilikuwa zinamkimbia. "Niliwaambia seva haikosei. Haikukosa. Nilikosa miye."

Akawaeleza. Hakutumia maneno ya ufundi. Aliwaeleza simu ya juu ya gunia, na tante Léa, na kitenge cha ndege ndege. Mmoja wa wajumbe akacheka kabla hajajizuia. Kisha akafungua mashine mbele yao, akawaonyesha jina lake likitoka mahali pasipo pake, na hapo hakucheka mtu. Docteur Constantin alivua miwani, akakisogelea kioo, akarudi nyuma kana kwamba kinaunguza.

"Kwa hiyo wote hao," alisema polepole, "kila jina tulioona tangu ile siku..."

"Yote inapashwa kuangaliwa upya, docteur. Nitayaangalia. Moja kwa moja."

Alikuwa tayari kufukuzwa, na alisema hivyo. Docteur akamwambia hilo litazungumzwa, lakini kwanza atengeneze. Kavugho akatengeneza pale pale, wakimtazama, na kutengeneza kwenyewe kulikuwa kudogo mpaka ikawa aibu: akalirudisha lile alilofuta. Kila anayeazima laini ajitaje kwanza, kabla ya lolote. Na laini za kupimia maneno ya siri akazitenga peke yake, zisichanganyike na nyingine. Laini zikabaki wazi vilevile. Hakuna kilichokatwa.

"Maman," alisema, "kuya ujaribu."

Maman Albertine hakusogea. "Niliogopa ile mashini sana, Kavugho. Nilikuwa nasali ku nyumba, nasema labda nilifanya, labda nilimupatia Merdi, halafu nimesahau. Nilianza kujiuliza miye mwenyewe." Alisema hivyo taratibu, na Kavugho akatamani ardhi impokee. Wiki nzima mwanamke huyu alikuwa amelihofia jina lake mwenyewe, kwa sababu fundi aliona kulitaja ni kupoteza muda.

"Nisamehe, maman."

Mama akamwekea mkono kichwani, mkono mzito, wenye joto, uliopokea nusu ya watoto wa mtaa. Hakusema amesamehe. Aliuacha mkono pale kidogo, kisha akaketi kwenye kiti, akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Kioo kikasema: Albertine. Akainuka. Merdi akaketi palepale, kwenye laini ileile, akaandika lake. Kioo kikasema: Merdi. Mama akasukuma watu, akaketi tena. Albertine. Akamwamuru Merdi arudie. Merdi. Daktari mkuu na wajumbe wake walisimama nyuma ya kiti kama watoto mbele ya mwujiza, wakiyatazama majina mawili yakipishana kwenye njia moja nyembamba, kila moja likifika kwa mwenyewe.

Maman Albertine alilichukua koti lake jeupe, lililoletwa juu ya meza ya baraza, bado limekunjwa alivyolikunja. Akalivaa, akafunga vifungo mpaka cha mwisho.

"Basi mule ndani," alisema, akionyesha mashine kwa kidevu, "kuko muntu anauliza jina?"

Kavugho alijifuta macho kwa kiganja.

"Sasa iko, maman," alisema.